Ahadi Tuliyowapa Wazee

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Kuwatembelea Wazee mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, mjini Busia



Mmekwisha kuisikia hesabu ya Mweka Hazina. Sukari, sabuni, mablanketi na nauli vimetajwa kwa bei zake na risiti zake, na mkaguzi ametia sahihi. Sisi wa Kamati twaikubali hesabu hiyo. Walakini twaomba ruhusa yenu tutoe hesabu ya pili, ambayo haimo katika daftari lake kwa kuwa haina risiti. Ni hesabu ya siku tulizowaahidi wazee kwamba tutafika, na siku ambazo tulifika kweli.

Kwanza yafaa tuseme ni nani hao tunaowatembelea, maana kuna vijana hapa ambao huwaona wazee hawa wakiota jua mlangoni, wakadhani kwamba maisha yao yote yalikuwa ya kuota jua.

Wako wazee waliokuwa vijana wa baiskeli. Zamani, abiria aliyeshuka katika basi upande wetu alikuwa na mwendo wa kutembea na mzigo wake kutoka kituo cha forodha cha Kenya hata kile cha Uganda. Katika miaka ya 1960 vijana wa mpaka huu walifunga kiti nyuma ya baiskeli, wakawa wakiwaita wasafiri, “Boda! Boda!” Leo jina hilo limeenea Afrika ya Mashariki nzima, na wengi walitumiao hawajui kwamba lilizaliwa hapa kwetu. Waliolipiga mbiu kwanza sasa ni watu wa magongo. Walibeba watu na magunia ya watu miaka mingi, na leo mmoja wao ashindwa kubeba mtungi wa maji kutoka mtoni hata jikoni.

Wako kule Malaba waliofanya kazi ya reli hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977. Wako mama waliovusha omena, ndizi na maharage, wakasomesha watoto kwa faida ya debe moja moja. Wako pia, na hawa ni wengi kuliko tulivyodhani, waliozika watoto wao. Ugonjwa wa ukimwi, uliotangazwa kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999, ulipita katika njia hii kuu ya malori kama moto katika nyasi kavu. Mama aliyetazamia kulelewa na wana wake alijikuta akilea wajukuu; na wajukuu hao, walipokwisha kukua, waliondoka kwenda Nairobi na Kampala kutafuta kazi. Basi mama huyo amelea vizazi viwili, na jioni yu peke yake.

Tena mpaka wenyewe una taabu yake. Aghalabu binti ameolewa Tororo, na ndugu yuko Busia ya upande wa pili, ambapo jogoo wake husikika huku. Mwezi wa Machi 2020, wakati wa maradhi ya korona, Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri, ikaruhusu mizigo tu kupita. Na Kenya nayo ikaweka amri ya kutotoka nje usiku. Malori yalipanga foleni ndefu Malaba, yakapita moja moja. Mwana wa mtu hakupita. Ndipo tulipotambua kwamba wako wazee ambao hakuna aliyewaamkia kwa majuma mazima. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba mtu 1 kati ya kila 6 duniani ana upweke, na kwamba upweke hudhuru mwili kama udhuruvyo moyo. Sisi tulikwisha kuliona jambo hilo kwa macho kabla ya kulisoma.

Sasa tueleze jinsi kazi inavyofanywa. Wanaojitolea huenda wawili wawili, mwanamke na mwanamume iwezekanapo. Hatuingii nyumba ya mzee kabla ya kupiga hodi kwa jamaa zake na kumwarifu liguru, ili asije mtu akasema tumefuata shamba lake. Hatuulizi habari za shamba wala za urithi. Hatuchukui siasa wala madhehebu mlangoni mwa mtu. Tukifika twaketi. Jambo hili la kuketi laonekana dogo, lakini kijana wa siku hizi hupenda kusimama, atazame saa, aulize, “Bibi, wahitaji nini?” Mzee aliyeulizwa hivyo hujibu “sukari,” kwa kuwa ndilo jibu fupi.

Baada ya kuketi na kuamkiana ndipo kazi huonekana yenyewe. Huyu ana kucha zilizokuwa ndefu, maana haoni vizuri kuzikata. Yule ana dawa za presha katika makopo mawili, naye amesahau ipi ni ya asubuhi. Mwingine ana simu ambayo mjukuu alimletea, lakini hajui kuipokea inapolia. Katika mambo ya dawa hatujifanyi matabibu. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali iliwapa wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vifaa, pamoja na kipimo cha presha na cha sukari. Hao ndio tunaowaita, nao hutushukuru, kwa sababu sisi twajua ni siku gani mzee aliacha kula, nao wajua la kufanya.

Kadhalika twawasindikiza wazee kwenda kupokea fedha zao. Mwaka 2018 Serikali ilianza kuwalipa wazee walioandikishwa wenye miaka 70 na zaidi, kila mmoja shilingi 2,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama ni maskini au la. Ni msaada wa maana sana. Lakini vidole vilivyoshika mpini wa jembe maisha mazima hulainika, na mashine haizitambui alama zake. Tumemwona mzee akikanyaga vumbi tangu alfajiri, akaweka kidole mara tano, akaambiwa arudi siku nyingine. Naye nauli yake imekwisha. Mtu aliye naye huweza kumwombea anawe mikono, ajaribu kidole kingine, ama aitiwe mkubwa wa mahali hapo. Akiwa peke yake huondoka kimya, akifikiri kosa ni la vidole vyake. Vivyo hivyo, bima ya afya ilipobadilishwa mwezi wa Oktoba 2024, wazee wengi walihitaji mtu wa kuwaandikisha kwa simu, na wengine hata simu hawana.

Juu ya fedha tuna sheria moja isiyovunjwa. Hakuna mtu wa Chama atakayeweka kitambulisho cha mzee, wala kujua namba yake ya siri, wala kushika fedha zake hata kwa dakika moja, ijapokuwa mzee mwenyewe ameomba. Tunaiweka sheria hii kwa ajili ya ulinzi wa mzee, na kwa ajili ya jina letu pia. Rafiki aliyeshika mfuko wako si rafiki tena, amekuwa mweka hazina, naye hana mkaguzi.

Ndugu wanachama, mpaka hapa tumesema mambo ya kujisifu. Sasa yatupasa tuseme la kututia haya.

Karibu na Malaba yuko mama mmoja ambaye tulianza kumtembelea kila siku ya Alhamisi. Hatutamtaja jina. Siku ya kwanza alitupa viti viwili na maneno machache. Siku ya pili alitupa uji. Siku ya tatu alituwekea mbele yetu ungo wa maharage yenye maganda, akatuambia, “Haya, mikono yenu haina kazi.” Tulicheka, maana wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Twajua sasa kwamba siku ile ndiyo tuliyopokewa. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tukimenya maharage pamoja naye, naye akitusimulia jinsi mto Malaba ulivyokuwa ukivukwa kwa miguu wakati wa kiangazi, na nani alizaliwa mwaka gani wa njaa.

Kisha kazi yetu ikasifiwa. Maombi yakaja kutoka kila upande: njoni na kwetu kuna mzee. Sisi, kwa kupenda sifa, tukaandika kila jina lililoletwa. Majina yakaongezeka lakini miguu haikuongezeka. Alhamisi moja hatukwenda kwa mama yule, kwa kuwa tulikwenda kuandika wazee wapya. Alhamisi ya pili mvua ilinyesha. Ya tatu tulikuwa na mkutano wa kamati, na katika mkutano huo, twasema kwa aibu, tulikuwa tukipanga namna ya kupanua kazi ya kuwatembelea wazee.

Tulipofika Alhamisi ya nne tulivikuta viti viwili nje, kando ya mlango. Jirani akatuambia kwamba vilikuwa vikitolewa kila Alhamisi asubuhi na kurudishwa ndani jioni. Uji ulipikwa, ukapoa, wakapewa watoto wa jirani. Mama mwenyewe hakutukaripia. Aliitika salamu, akakaa kimya, kisha akasema, “Zamani nilikuwa peke yangu, lakini sikuwa nikingoja. Ninyi mmenifundisha kungoja.”

Tulirudi ofisini tukafungua daftari letu. Baadhi yetu ni makarani; tumefundishwa tangu shuleni kwamba daftari lililopangwa vema halidanganyi. Tukaona safu ya jina, safu ya kijiji, safu ya vitu vilivyotolewa, na safu ya tarehe tulizokwenda. Safu ya siku tulizokosa haikuwako. Kwa daftari lile, mama yule alikuwa ametembelewa vizuri. Alhamisi tatu hazikuandikwa popote isipokuwa katika moyo wake. Taarifa ambayo tungeisoma mbele yenu leo ingekuwa ya kweli kila mstari, na ingekuwa uongo.

Ahadi ni deni. Sisi sote twalisema neno hili, lakini deni la fedha lina mdai, na deni la siku kwa mzee halina mdai. Hatakushitaki. Hatakuja ofisini. Atavirudisha viti ndani, na kesho utamsikia akisema kwamba yu mzima. Kwa sababu hiyo ndilo deni ambalo mtu mwaminifu apaswa kulilipa kwanza.

Tangu siku ile tumefanya mabadiliko manne. La kwanza, daftari lina safu mpya yenye kichwa “Tulikosa,” na sababu yaandikwa mbele yake, hata kama sababu ni uvivu. La pili, kila jozi ina nyumba tatu tu, wala haitapewa ya nne. La tatu, kila nyumba ina jirani mmoja aliyekubali kupokea ujumbe wetu, ili tukizuiwa na mvua au msiba mzee apate habari asubuhi ile ile, wala asitoe viti bure. La nne, mtu akitaka kuiacha kazi hii, sharti aende mwenyewe kumuaga mzee, amfikishe mwenzake atakayemfuata. Asipotee tu kama mwizi.

Kuna jambo lingine tulilofunzwa na ungo ule wa maharage. Hapo mwanzo tulikuwa na desturi ya kukataa chochote tulichopewa na mzee. Akitoa karanga tulisema, “La, Bibi, weka ule wewe.” Tulidhani ni adabu. Kumbe tulikuwa tukimwambia kwamba yeye hana la kutoa, na mtu asiye na la kutoa huwa mzigo hata machoni pake mwenyewe. Siku hizi twapokea kikombe. Twapokea pia shauri. Mzee mmoja wa zile baiskeli za zamani aliwaeleza vijana wa pikipiki namna ya kufunga mzigo usiyumbe barabarani, nao wakamsikiliza kwa adabu, maana waliona mikono yake yafahamu. Siku ile hakuzungumza habari za magoti yake hata mara moja. Jungu kuu halikosi ukoko.

Hata nchi nyingine wameliona hili. Mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, Daktari Dixon Chibanda, tabibu wa maradhi ya akili, alianza kazi pamoja na kina bibi 14. Walifundishwa namna ya kuwasikiliza watu wenye huzuni nyingi, wakiketi nao juu ya benchi la mbao nje ya zahanati. Kazi hiyo imeenea Zimbabwe, ikafika Malawi na Zanzibar pia. Twaitaja ili mtambue kwamba uzee una akiba yake, na kwamba benchi ni lile lile, ila huko aliyeketi kusikiliza ni bibi mwenyewe. Nasi tungependa siku moja wazee wetu waketi hivyo na vijana wa Busia waliokata tamaa.

Wako watakaouliza: je, si kazi ya watoto wake kumtunza mzee? Ndiyo, ni kazi yao. Na si kazi ya Serikali? Ndiyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yasema kwamba wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima, na kupata matunzo ya kufaa kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Sisi hatukuja kuwapunguzia watoto wajibu wao, wala kuifichia Serikali udhaifu. Mara nyingi kazi yetu bora ni kumpigia mwana simu kumwambia, “Mama yako anakusalimu, na paa la jikoni linavuja.” Wako waliokuja baada ya simu kama hiyo. Lakini mtoto aliyeko Nairobi hawezi kuketi Alhamisi saa tisa, na Serikali haimenyi maharage. Nafasi hiyo ni ya jirani, na sisi ni majirani.

Bwana Mwenyekiti, twamaliza kwa kuleta maombi matatu mbele ya Mkutano huu.

Ombi la kwanza ni gumu, maana kila mwaka Mkutano hupenda kusikia kwamba kazi imekua. Twaomba mwaka huu ujao tusiandike jina hata moja jipya mpaka ipatikane jozi ya kulichukua. Anayejua mzee aliye peke yake asilete jina tu. Alete jina la mzee, na majina ya watu wawili walio tayari kwenda, na lake mwenyewe liwe mojawapo.

Ombi la pili ni la nauli. Wanaojitolea hawataki mshahara, lakini kijana asiye na kazi hawezi kutoka Adungosi kwenda Malaba kila juma kwa fedha zake mwenyewe. Tukimwacha agharamie safari, tutakuwa tumempangia kukosa. Mkutano ukikubali, fedha zilizotengwa kwa sukari zipunguzwe, zipewe nauli. Wazee wenyewe tuliowauliza walisema sukari yaweza kupungua.

Ombi la tatu ni kwa wanaume wa Chama. Waendao kwa wazee wengi ni wanawake. Lakini wako wazee wanaume ambao zamani walikuwa na kiti chao penye mtungi wa ajon, na mrija wao mrefu, na neno lao likangojwa. Wenzao wamekufa, nao wanaona haya kumwambia mwanamke kijana kwamba wana upweke. Kwao lazima aende mwanamume, aketi, asiwe na haraka.

Mama yule wa Malaba angali hai, nasi twamshukuru kwa uvumilivu wake. Alhamisi iliyopita tulikuwa kwake. Viti vilikuwa nje. Safu ya “Tulikosa” mbele ya jina lake ina alama tatu, na tumekataa kuzifuta, ijapokuwa yeye mwenyewe ametusamehe. Zitakaa pale ili karani atakayefuata azione. Nasi tukiisha kusema haya, twaomba tusamehewe tusipokaa mpaka mwisho wa chakula, kwa maana jozi mbili zina ahadi saa tisa.